Familia ikija Dar: fleti ya siku, apartimenti ya hoteli au nyumba ya uzio?

Mtu mmoja akija Dar es Salaam hakosi pa kulala. Gesti zimejaa kila mtaa, na chumba cha masta chenye feni kinamtosha. Shughuli inaanza anapokuja na mke, watoto watatu na mama mkwe, na wote wanakaa siku kumi au zaidi: mtoto ana kliniki Muhimbili, au kuna harusi ya ndugu, au ni likizo ya Juni na watoto wameahidiwa bahari. Hapo chumba cha hoteli hakitoshi, vyumba vitatu vya hoteli vinamaliza akiba, na kula mgahawani asubuhi, mchana na jioni kunachosha mfuko pamoja na matumbo.

Ndipo watu wanaanza kutafuta mahali penye jiko na vyumba vya kulala vinavyofungwa mlango. Kwa Dar, wengi hukwama kati ya njia tatu.

Ya kwanza ni fleti ya siku: fleti ya mtu binafsi, ina samani zote, inapangishwa kwa usiku kupitia Airbnb, Booking.com, Instagram au dalali. Zimetapakaa Upanga, Kariakoo, Kinondoni, Sinza na Mikocheni. Ya pili nitaiita apartimenti ya hoteli: jengo zima liko chini ya mwendeshaji mmoja, lina mapokezi, wafanya usafi na walinzi, ila kila mgeni ana sebule na jiko lake. Hizi utazikuta zaidi katikati ya jiji, Upanga, Oysterbay na Masaki. Ya tatu ni nyumba ya uzio: nyumba ya chini iliyosimama peke yake ndani ya geti, Mbezi Beach, Tegeta, Goba au ng'ambo Kigamboni.

Kwenda kwa shangazi sikukuweka. Kila familia inamjua shangazi yake.

Vipimo

Nimezipima zote tatu kwa mambo yaleyale: jiko linapika kweli au ni la picha, vyumba vinatenganisha watu kweli, maji na umeme vikikatika nani anahangaika, umbali wa kufika kwenye shughuli iliyowaleta mjini, jumla ya gharama, si bei ya usiku peke yake, na mwisho malipo, maana hapo ndipo watu wanapoibiwa.

Ukiviangalia vizuri vipimo hivi utaona vinazunguka jambo moja. Njia hizi tatu hazitofautiani sana kwa uzuri wa makochi. Zinatofautiana kwa nani anabeba kazi: wewe, mwenye nyumba ambaye pengine yuko Arusha na simu yake inaita tu, au kijana wa mapokezi aliye zamu. Mwenye nguvu na muda anaweza kubeba kazi na kuokoa pesa. Anayeuguza hawezi.

Jiko

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jiko ndilo linalotangazwa sana na kukaguliwa kidogo.

Fleti nyingi za siku zimepangwa kwa mgeni wa kuchemsha kahawa. Utakuta birika la umeme, tosta, mikrowevu, glasi sita za mvinyo na sufuria moja ndogo. Ukitaka kusonga ugali wa watu sita, sufuria hiyo haikufai, na mwiko haupo. Mbuzi ya kukunia nazi usiitarajie kabisa. Nunua tui la pakiti, au ukienda sokoni mwambie muuzaji akukunie palepale. Fleti ambayo mwenyewe aliwahi kuishi humo na familia yake ni kitu kingine: kuna masufuria, chujio, kisu kinachokata, beseni la kuoshea mchele, hata kibao cha chapati. Utaitambua kwa kuuliza swali moja tu: sufuria kubwa kuliko zote humo ni ya lita ngapi? Mwenye jiko la kweli anakujibu papo hapo. Mwenye jiko la picha anakwambia kila kitu kipo.

Swali la pili ni la moto. Fleti zenye jiko la gesi la plet mbili na mtungi wa kilo 6 ni za kawaida, na mtungi huo ukichemshia maharage kila siku hauendi mbali. Uliza kama mtungi ni wa kilo 15, umejaa kiasi gani, na ukiisha katikati ya pilau nani anapiga simu dukani na nani analipa. Majiko ya umeme yanaondoa wasiwasi wa mtungi lakini yanaleta wa LUKU, yaani umeme wa kununua kabla ya kutumia, nao nitaufikia.

Apartimenti ya hoteli huwa na jiko safi, mara nyingi la umeme, na vyombo vimehesabiwa kwa idadi ya vitanda: vyumba viwili, sahani nne, vikombe vinne. Familia ya watu sita italazimika kuomba, na uzuri wake ni kwamba kuna wa kumwomba. Mapokezi wanaleta sahani na sufuria nyingine bila maneno. Ubaya wake ni kwamba jengo lina korido moja na pua nyingi. Kaanga dagaa siku ya kwanza, siku ya pili utagongewa mlango kwa upole. Mkaa kwenye balkoni hauruhusiwi, na baadhi ya majengo yana king'ora cha moshi kisichojua tofauti ya moto na chapati. Kwa anayepika uji wa mgonjwa, supu na wali, jiko hili linatosha na kubaki.

Nyumba ya uzio inashinda kwa nafasi. Jiko ni kubwa, kuna friji na wakati mwingine friza, na nje kuna uwanja wa kuweka jiko la mkaa, kuchoma samaki, kutwanga, kuosha masufuria makubwa. Kama mmekuja kwa ajili ya harusi na ndugu watamiminika kula kila jioni, sioni fleti itakayowavumilia. Nyumba nyingine zinatolewa pamoja na dada wa kupika na kufanya usafi. Ni msaada mkubwa, lakini mkubaliane malipo yake kabla hamjashusha mabegi, na mjue kama analipwa na mwenye nyumba au na nyinyi.

Jiko halina maana bila soko. Aliyeko Upanga ana Kisutu karibu na Kariakoo haiko mbali, na samaki anawafuata Feri asubuhi. Aliyeko Masaki amezungukwa na supermaketi ambako fungu la mchicha lina bei ya kushangaza. Akijua, anateremka hadi soko la Namanga, Msasani, anapumua. Mbezi Beach na Tegeta wana masoko yao na magenge kila kona. Kigamboni nako magenge yapo, samaki wapo, ila kitu cha pekee, kama maziwa fulani ya mtoto, kinaweza kukuvusha maji.

Vyumba

Neno vyumba viwili kwenye tangazo linabeba mengi. Wapo wanaohesabu sebule yenye sofa la kukunjua kuwa chumba cha pili. Wapo wenye vyumba viwili vya kweli lakini cha pili unakifikia kwa kupita ndani ya cha kwanza. Na wapo wanaoandika inalala watu sita, wakimaanisha wawili kila kitanda na wawili sakafuni. Mwambie akutajie: milango mingapi, vitanda vingapi na vya futi ngapi, vyoo vingapi, kipi ni masta na kipi ni cha wote.

Hili la choo si dogo kwetu. Mkwe na mama mkwe kuvaana na taulo koridoni alfajiri ni jambo ambalo familia itataka kuliepuka hata kwa gharama. Vyumba viwili vyote masta, au kimoja masta na choo cha wote kando ya sebule, ndiyo mpangilio unaowaweka watu na heshima zao.

Apartimenti za hoteli ndizo zinazosema kweli zaidi hapa, kwa kuwa ramani ya kila aina ya chumba imeshapangwa na ukikuta sivyo una mahali pa kudai. Kasoro yake: zenye vyumba vitatu ni chache na bei inapaa. Fleti za siku zina kila mchanganyiko, kwa hiyo uliza. Angalia pia ghorofa: majengo ya zamani ya Upanga ni imara na vyumba vyake ni vipana, ila mengi hayana lifti, na bibi mwenye magoti mabovu hapandi ngazi za ghorofa ya tatu mara mbili kwa siku. Nyumba ya uzio inampa bibi chumba cha chini, inawapa watoto pa kukimbilia, na inawapa watu wazima pa kuongelea usiku bila kuwaamsha.

Kwa watoto wadogo kagua vitu vitatu popote utakapokwenda: balkoni ina ukuta au vyuma vilivyobanana, madirisha yana nyavu na nondo, na bwawa la kuogelea, kama lipo, lina uzio wake. Bwawa lisilo na uzio linaharibu likizo nzima, mtu mmoja anabaki askari. Vyandarua nazo uliza. Dar imewahi kupata milipuko ya homa ya dengue, mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anauma mchana. Nyavu za madirishani zina kazi hata pale chandarua kipo.

Maji na umeme

Mgeni wa Dar hujifunza haraka kwamba maji na umeme ni ndugu. Kwenye ghorofa, maji ya DAWASA huingia kwenye tangi la chini, kisha pampu inayapandisha kwenye tangi la juu. Umeme ukikatika na tangi la juu likawa tupu, bomba linakauka hata kama chini kuna maji tele. Kwa hiyo unapouliza kuhusu jenereta, uliza pia kama inaendesha pampu.

Na jenereta zenyewe zina viwango. Ipo inayowasha taa za ngazi na lifti tu. Ipo inayowasha taa na soketi za fleti lakini haibebi kiyoyozi. Ipo inayobeba kila kitu. Kwa mwenye mtoto mwenye mashine ya kupumulia, au dawa za kukaa kwenye friji kama insulini, hili ni swali la kwanza kuliko yote, na apartimenti ya hoteli ndiyo yenye jibu la uhakika. Fleti ya siku inategemea jengo. Nyumba ya uzio mara nyingi ina tangi kubwa la akiba na wakati mwingine inveta au sola, lakini likiharibika jambo usiku, fundi anatafutwa na wewe au na mlinzi wa getini.

Maji ya kisima ni habari nyingine. Sehemu za karibu na bahari visima vingi hutoa maji ya chumvi. Yanafaa kuogea na kudekia, lakini sabuni haitoi povu na chai inakataa. Uliza maji ya bomba ni ya DAWASA au ya kisima, na uhesabu madumu ya maji ya kunywa na kupikia kwenye bajeti.

LUKU sasa. Apartimenti za hoteli huwa zimeshaingiza umeme kwenye bei. Kwenye fleti na nyumba, mara nyingi umeme ni juu ya mgeni, au mwenyewe anakuwekea yuniti kiasi na zikiisha unanunua. Viyoyozi vitatu vikilala vimewashwa, yuniti zinakwenda huku unaziangalia. Piga picha mita siku ya kuingia, omba namba ya mita ukainunulie kwa simu, na mkubaliane kwa maandishi.

Umbali

Hapa ndipo nyumba nzuri inaweza kugeuka mzigo. Dar haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa saa. Anayekaa Tegeta na kliniki yake iko Muhimbili anaamka gizani.

Kama shughuli ni hospitali, angalia ramani kwanza. Muhimbili, pamoja na taasisi za mifupa na moyo zilizo eneo hilo, iko Upanga. Aga Khan iko Upanga kwenye barabara ya pwani. Ocean Road, ya wagonjwa wa saratani, iko karibu na Feri. CCBRT iko Msasani. Kwa tatu za mwanzo, fleti au apartimenti ya Upanga au mjini inaokoa nguvu za mgonjwa. Masaki na Oysterbay zimesogea karibu zaidi na Upanga tangu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022, hivyo usizifute ukikosa Upanga. Kwa CCBRT, tafuta Msasani, Mikocheni au Masaki.

Wanaoshuka kwenye mabasi ya mikoani wajue stendi sasa ni ya Magufuli, Mbezi Luis, kwenye Barabara ya Morogoro. Mbezi hiyo siyo Mbezi Beach, iliyoko upande wa Barabara ya Bagamoyo. Wageni wengi wamepanga nyumba Mbezi Beach wakidhani watatembea kutoka stendi. Anayekuja kwa treni ya SGR kutoka Dodoma au Morogoro anashukia katikati ya jiji, na anayeunganisha boti ya Zanzibar anapandia bandarini hapohapo mjini, kwa hiyo kwake fleti ya Posta, Kisutu au Upanga ina mantiki hata kama ni ghali kidogo.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, yanamsaidia aliyeko Magomeni, Kinondoni au Upanga ya upande wa Faya. Ila wakati wa masika, Machi hadi Mei, bonde la Jangwani hujaa na barabara hufungwa. Msimu huohuo kagua pia nyumba za Mikocheni na Msasani Bonde la Mpunga: muulize mlinzi wa jirani, usimuulize mwenye nyumba, maji yalifika wapi mvua iliyopita.

Kigamboni inataka akili ya peke yake. Panton kutoka Magogoni ni raha kwa watoto na ni adha kwa mwenye haraka. Daraja la Nyerere lipo, lenye tozo kwa magari, lakini linakuzungusha kwa Kurasini. Kwa likizo ya ufukweni Mjimwema au Gezaulole, ambapo mji mtauona mara moja mbili tu, Kigamboni haina mpinzani. Kwa kliniki ya kila siku, mpaka iwe Ocean Road na nyumba iwe karibu na kivuko, ningemshauri mtu akae upande wa mjini.

Kelele zihesabu ndani ya umbali. Sinza na Kinondoni kuna fleti nzuri za bei ya wastani, na kuna baa ambazo muziki wake haulali mwisho wa wiki. Uliza nyuma ya jengo kuna nini.

Gharama

Bei ya usiku ni mwanzo wa hesabu. Nitaweka mfano wa watu sita kwa usiku 10. Tarakimu ni za kuonyesha namna ya kujumlisha, wewe weka za kwako.

Tuseme fleti ya siku Upanga ni 130,000 kwa usiku: 1,300,000. Usafi wa mara moja 50,000, umeme 60,000, chakula cha kupika 35,000 kwa siku, yaani 350,000, na bajaji 10,000 kwa siku, 100,000. Jumla 1,860,000.

Apartimenti ya hoteli kwa 220,000: 2,200,000. Usafi na umeme vimo. Kama kifungua kinywa kimo pia, chakula kinashuka hadi 300,000. Usafiri 100,000. Jumla 2,600,000.

Nyumba ya uzio Mbezi Beach, vyumba vitatu, kwa 160,000: 1,600,000. Umeme 80,000, chakula 300,000 kwa kuwa unapika kwa wingi na kununua sokoni. Lakini gari la kwenda mjini na kurudi kwa watu sita, tuseme 60,000, ukienda kila siku ni 600,000. Jumla 2,580,000. Ukienda mjini mara mbili tu, inashuka hadi 2,100,000. Na familia mbili zikigawana nyumba hiyo, kila moja inalipa chini ya fleti.

Kwa maneno mengine nyumba ya uzio ni rahisi au ghali kutegemea mnatoka mara ngapi, na apartimenti ya hoteli inalipisha utulivu wa akili. Fleti inaonekana nafuu, na ni nafuu kweli, almradi hakuna kitu kilichoharibika.

Ongeza na haya: tovuti za kukodi huweka ada ya usafi na ada ya huduma zinazoonekana mwishoni, na ada ya usafi inauma kwa anayekaa siku mbili kuliko anayekaa wiki mbili. Wenye fleti wengi hupunguza bei kwa wiki au mwezi ukiomba. Kwenye apartimenti ya hoteli uliza kama bei uliyotajiwa ina VAT ya asilimia 18 tayari. Ukitajiwa bei kwa dola, omba ya shilingi: tangu Machi 2025 kanuni zinazuia bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni.

Malipo na masharti

Apartimenti ya hoteli ina risiti, ina masharti ya kughairi yaliyoandikwa, na jengo haliwezi kuhama usiku. Fleti iliyo kwenye tovuti kubwa ina ulinzi wa kiasi: pesa inapita kwenye tovuti na kuna maoni ya waliotangulia. Soma maoni ya wenye watoto, ruka ya waliolala usiku mmoja wakisubiri ndege. Mwenye fleti akikuomba utoke kwenye tovuti umlipe pembeni ili mkwepe ada, ulinzi huo umeuacha mlangoni.

Hatari iko kwenye fleti na nyumba za Instagram na za dalali wa simu. Mchezo ni uleule: picha nzuri, bei ya chini, kisha kishika uchumba kitumwe leo kwa sababu kuna mteja mwingine. Usitume. Kama kuna ndugu Dar, aende akaone. Kama hakuna, omba mwenye nyumba au dalali akupigie video ya moja kwa moja, si iliyorekodiwa, na aifanye kuanzia getini: afungue bomba la jikoni, awashe jiko, afungue mlango wa kila chumba, avute maji chooni. Dakika tano hizo zinajibu karibu kila swali lililoko hapo juu. Jina linalotokea kwenye M-Pesa au namba ya malipo lilingane na la mwenye nyumba. Malipo yaliyobaki yafanyike funguo zikiwa mkononi.

Dalali naye ana ada yake, na wengine hudai pesa ya kukuonyesha hata usipopanga. Mpatane kabla ya kupanda bodaboda. Kwa nyumba za uzio uliza pia kama wenyewe wanaruhusu wageni wa kuja kula, muziki, na magari mangapi ndani ya geti. Harusi nyingi zimeharibu amana za watu kwa kutouliza hili. Kwenye fleti, uliza kama uongozi wa jengo unakubali wapangaji wa siku. Yapo majengo yasiyokubali, na anayezuiwa getini na mabegi ni wewe.

Nani apange wapi

Mnaouguza, hasa mgonjwa anayetoka upasuaji au mtoto mchanga: tazameni apartimenti ya hoteli karibu na hospitali kwanza, kwa sababu ya jenereta, lifti na mtu wa mapokezi. Kama bajeti haifiki, fleti ya siku Upanga, ghorofa ya chini au yenye lifti, iliyokaguliwa maji. Matibabu yakizidi mwezi, acheni kulipa kwa usiku. Ombeni bei ya mwezi.

Waliokuja kwa harusi au msiba, wageni wakiingia na kutoka: nyumba ya uzio, hata kama iko mbali kidogo, ilimradi iko upande uleule wa jiji na shughuli. Ukumbi ukiwa Mikocheni, Mbezi Beach inafaa. Shughuli ikiwa Mbagala au Temeke, kukaa Tegeta ni kujitesa.

Likizo na watoto, mji si lazima: Kigamboni au Mbezi Beach, nyumba ya uzio, na familia mbili zigawane mkiweza. Kwa siku tatu nne tu, apartimenti ya hoteli yenye bwawa na kifungua kinywa haitazidi sana, na mama naye atapata likizo.

Mnaopita kwenda Zanzibar au kusubiri treni: fleti ya mjini, chumba kimoja zaidi ya mnavyodhani mnahitaji, karibu na bandari.

Ndugu waliotoka Muscat, London au Toronto na kukaa mwezi mzima, nusu wakitembelea jamaa na nusu wakifuatilia hati za kiwanja: fleti ya Mikocheni au Kinondoni kwa bei ya mwezi huwa inawakaa vizuri, ina njia ya kwenda mjini na ya kwenda Bagamoyo. Wenye wazee waangalie lifti. Wenye watoto waliozaliwa huko nje waweke kiyoyozi walau chumba kimoja, na bajeti ya LUKU iwe ya kweli, hasa wakija Desemba.

Mwenye bajeti ndogo kabisa na watoto wakubwa anaweza kuchukua vyumba viwili vya masta kwenye loji yenye jiko la wageni, kama ataipata; hazijazagaa. Apige simu aulize jiko linafungwa saa ngapi, na kama friji ina kufuli.